Sangari ya Juu na Sangari ya Chini

Mwenzangu alifukuzwa kazi kwa sababu mimi nilinyamaza. Nalitanguliza hili kwa kuwa nimejaribu mara nyingi kulisimulia kwa kuanzia kwingine, kwenye baridi ya Mbeya au kwenye ujana wangu, na kila mara nimejikuta nazungukazunguka bila kufika.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka kwetu Iringa, kwenye vilima vya juu ya Ipogolo, nikiwa na cheti cha shule ya misheni na koti moja la sufu alilonipa baba. Nilipata kazi Mbeya, kwenye shamba la mlowezi lililokuwa mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka Uyole. Mlowezi mwenyewe alilima ngano na pareto. Upande wa mteremko alikuwa amemwazima ardhi Mzungu mwingine, aliyekuja kujaribu dawa za kuua magugu, na huyo ndiye aliyekuwa bwana wetu. Chini yake tulikuwa wawili tu: mimi niliyeshika daftari, na mwenzangu aliyebeba bomba mgongoni na kunyunyiza.

Mwenzangu alikuwa Mhehe kama mimi, mtu wa Ilula, amenizidi kama miaka kumi na miwili. Nilimwita kaka tangu siku ya kwanza. Tulikaa chumba kimoja kambini, tukapika sufuria moja. Jumapili tulitoka pamoja, tukaachana njia panda, yeye akaenda kwa Wakatoliki na mimi kwa Walutheri, kisha tukakutana palepale wakati wa kurudi na kuulizana mahubiri yalikuwaje. Alikuwa mtu wa maneno machache. Lakini kitu ninachokikumbuka zaidi kwake ni jinsi alivyopima dawa. Aliliweka kopo la kupimia juu ya jiwe, akapiga magoti mpaka jicho lake likawa sawa na ule mstari, akapunguza au kuongeza kwa ncha ya kijiko. Hata akiwa na haraka alipiga magoti. Suruali yake ilikuwa na viraka viwili magotini kwa ajili ya kazi hiyo.

Adui yetu alikuwa sangari. Mkulima yeyote wa nyanda zetu anaijua. Kwa juu ni jani fupi tu, halitishi mtu. Kazi yake iko chini ya udongo, kwenye mizizi myeupe yenye pingili inayotambaa kila upande, na kila pingili ukiikata kwa jembe inaota mmea mpya. Ukilima shamba lenye sangari bila kuiokota yote, unaipanda. Dawa tuliyokuwa tukiijaribu ilikuwa unga mweupe, ukiuacha wazi unashikana kama chumvi ya wakati wa mvua. Unauyeyusha kwa maji, unanyunyiza, kisha unangoja. Jani linageuka zambarau, halafu njano, na majuma yanapita kabla hujajua kama kule chini mzizi nao umekufa.

Bwana alipima vitalu kumi na viwili, sita sehemu ya juu ya mteremko na sita chini karibu na bonde, kila kimoja na kigingi chake chenye namba. Vyote vilikuwa vipigwe dawa ileile, kwa kipimo kilekile, siku moja. Alitaka kuona kama inaua sawasawa kila mahali. Mtu wa kuchanganya na kupiga alikuwa kaka peke yake. Mimi nilikatazwa hata kuligusa bomba. Kazi yangu ilikuwa kuandika kitalu, saa, hali ya hewa, na alama ya aliyepiga. Alama ya kaka ilikuwa msalaba mdogo.

Tulipiga mwezi wa Januari, mvua zilipotupa nafasi ya siku mbili tatu. Asubuhi tulimaliza vitalu vyote vya juu. Mchana tukashuka. Tulipomaliza cha nane, mdomo wa bomba ukaziba. Kaka aliuchomoa, akaupuliza, akautazama kwenye mwanga.

“Umekataa,” alisema. “Napanda stoo kutafuta waya mwembamba. Ningoje hapa.”

Alienda. Nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Mawingu yalikuwa yanashuka kutoka mlimani, na bwana alikuwa amesema vitalu vyote lazima viishe kabla ya tone la mvua. Kulikuwa na bomba jingine pale, la zamani, lililovuja kidogo kwenye kifuniko. Mimi sijaumbwa kungoja. Nilichukua kopo, nikaliweka juu ya jiwe, nikapiga magoti kama nilivyomwona akifanya, nikapima, nikachanganya, nikajitwika bomba bovu na kupiga kitalu cha tisa mwanzo hadi mwisho. Kisha nikafungua daftari na kuandika, kwa wino: tisa, saa, mawingu, na msalaba mdogo.

Kaka aliporudi alisimama kwenye kigingi akaangalia majani yaliyolowa.

“Nani amepiga hiki?”

“Mimi.”

“Ulipima?”

“Kama unavyopima wewe, kaka.”

Aliinama, akapitisha kiganja juu ya majani, akakinusa. “Haya,” alisema. “Ila uandike kama ilivyokuwa.”

Nikaitikia. Wino ulikuwa umekwisha kukauka. Kufuta kungeacha doa, na doa lingeleta maswali. Niliacha.

Mwisho wa Februari matokeo yalionekana hata kwa mtu anayepita barabarani. Juu, vitalu sita vilikuwa rangi ya majani ya chai makavu, na ukichimba, mizizi ilikatika mkononi kama vijiti vilivyooza. Chini, majani yalikuwa yameungua ncha tu, halafu machipukizi mapya yalikuwa yametoka, ya kijani, mengi kuliko mwanzo.

Bwana alituita asubuhi mbele ya stoo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, aliyekuwa na taarifa ya kupeleka kwa wakubwa wake, na taarifa ilikuwa imeharibika.

“Juu iko kufa yote,” alisema. “Chini iko mzima. Dawa moja, kipimo moja. Kwa nini?”

“Sijui, bwana,” kaka alisema. “Nilipima sawasawa.”

“Mchana wewe choka. Wewe tia maji mingi, dawa kidogo. Au dawa ingine wewe peleka kuuza?”

“Hapana, bwana.”

Bwana akachukua daftari kutoka mkononi mwangu, akalifungua, akasoma kwa kidole. “Saba, wewe. Nane, wewe. Tisa, wewe.”

Alipolisikia neno tisa, kaka aligeuza kichwa akanitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliye karibu kusema kitu, ukimpa nafasi. Mimi nikatazama viraka vya magotini mwake.

“Karani,” bwana akasema. “Wewe ona yeye kupima kila mara?”

“Sikuona kila mara, bwana.”

Ilikuwa kweli, na ndiyo maana ilinitoka kirahisi.

Kabla ya jua kufika utosini kaka alikuwa ameshakunja blanketi lake. Nilisimama mlangoni mwa chumba chetu, nikatoka nje, nikarudi. Alifunga mzigo taratibu, fundo moja baada ya jingine. Nilidhani atanitukana. Alipomaliza alionyesha kwa kidevu kona tuliyoweka vyombo. “Chumvi iko kwenye kile kikopo cha bluu,” alisema, akatoka.

Kuanzia siku hiyo sikutulia. Nilikula nimesimama. Nilianza barua kwa baba nikaziacha kwenye salamu. Kanisani niliketi benchi la nyuma na kutoka kabla ya wimbo wa mwisho. Kila nilipokuwa na nafasi nilishuka mteremkoni, nikapita kati ya vitalu, juu, chini, juu tena, mpaka njia ikachoreka kwenye majani.

Nilikuwa najua jambo ambalo bwana hakulijua. Kitalu cha tisa nilikichanganya mimi, dawa kamili bila kupungua hata chembe, na sangari yake ilikuwa imesimama kijani kama ya jirani zake. Kwa hiyo kosa halikuwa la mkono wa kaka. Ningeweza kwenda kwa bwana siku yoyote na kumwambia hivyo. Badala yake nilijipa kazi ya kutafuta kosa lilikuwa la nini, nikijidanganya kwamba nikilipata sitahitaji kusema lile jingine.

Kwanza nililaumu mvua. Lakini manyunyu ya jioni ile yaliangukia mteremko mzima. Kisha nikalaumu udongo, kwa kuwa wa chini ulikuwa mweusi na wenye maji. Labda ulikuwa unainywa dawa. Hilo nililishika kwa juma zima, mpaka nilipoona kitu kwenye kitalu cha saba. Katikati ya kijani palikuwa na kipande kilichokufa, ukubwa wa mkeka wa kulalia mtu mmoja. Udongo ulikuwa uleule mweusi, na bomba lilikuwa limepita mara moja bila kusimama. Nilipiga magoti nikachimba. Mizizi ya pale kwenye mkeka ilikuwa imeoza. Hatua moja pembeni, mizizi ilikuwa hai.

Nilikuwa nimeinama hivyohivyo siku ya tatu au ya nne niliposikia sauti kutoka ng'ambo ya ua.

“Karani! Umepoteza nini huko kila siku?”

Alikuwa binti wa jirani, Msafwa, umri wake kama wangu au pungufu kidogo. Familia yake ililima viazi na mahindi kwenye shamba lililopakana na vitalu vyetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na changu pia wakati ule hakikuwa cha kujivunia.

“Naangalia majani,” nilisema.

“Majani gani? Si sangari tu hiyo.”

“Naangalia iliyokufa na isiyokufa.”

Akacheka, akaegemeza jembe, akaja mpaka kwenye ua. “Lete,” alisema. Nikampelekea shina kutoka vitalu vya juu, lile lililokuwa kando ya kitalu ambako dawa haikufika, na shina jingine la chini. Hakuyatazama sana. Aliyapapasa kwa kidole gumba, pale jani linapokumbatia shina.

“Hii ya juu iko na manyoya hapa shingoni. Kamata usikie. Hii ya chini haina. Na mzizi wake mwembamba, mgumu kama uzi wa kushonea gunia.” Akanirudishia. “Sisi kwetu hatusemi ni moja.”

“Zina majina mawili?”

“Hapana majina. Mama anasema tu, ya juu na ya bondeni. Ya juu ukiing'oa ukaianika siku tatu, imekwisha. Ya bondeni unaianika inakauka, unasema nimeimaliza, mvua ikinyesha inakucheka.”

Nilirudi mbio kwenye kitalu cha saba. Nilitafuta, pembezoni mwa ule mkeka, shina lililokuwa limenusurika nusu. Nikalipata, nikapapasa shingo yake. Lilikuwa na manyoya. Nilitambaa kitalu kizima nikipapasa kama kipofu. Palipokufa, masalio yalikuwa na manyoya. Palipopona, shingo zilikuwa laini.

Yule binti alikuwa bado amesimama kwenye ua. “Umepata?” aliniuliza.

“Nadhani.”

“Basi pumzika. Unanichosha hata mimi ninayekutazama.”

Sikupumzika. Kesho yake nilikwenda kwa bwana nikamwomba madebe mawili matupu na dawa kidogo. Aliuliza ya nini. Nilimwambia kwamba nadhani sangari ya juu na ya chini si ndugu wa tumbo moja. Alinikazia macho kwa muda, akauliza ni nani aliyeniambia, nikamtajia jirani. Akatikisa kichwa, lakini aliyatoa madebe. Niliyapasua katikati, nikapata vyungu vinne. Nikavijaza udongo uliotoka shimo moja, nikapanda pingili za juu katika viwili na pingili za bondeni katika viwili, zote urefu mmoja. Nikaviweka kwenye ukuta wa stoo, jua likavipata sawasawa, nikavimwagilia kutoka ndoo moja. Nilivitembelea mara nyingi kuliko mama anavyomchungulia mtoto mwenye homa.

Mwishoni mwa Aprili vyote vilikuwa vimeota vizuri. Nilipoomba dawa, bwana alisema, “Sasa mimi iko pima mwenyewe.” Alipima mwenyewe, akachanganya mwenyewe, akanyunyiza mwenyewe, vyungu vyote vinne kwa mkupuo mmoja. Nilifurahi na kuogopa kwa wakati uleule. Mkono uliopima safari hii haukuwa wa mtu ambaye angeweza kufukuzwa.

Tulingoja. Vyote vinne viligeuka zambarau, vyote vinne vikawa njano, na kwa majuma hayo nilikuwa mtu asiyefaa kwa kazi yoyote. Kisha, mwanzoni mwa Juni, asubuhi yenye baridi ya kuuma masikio, niliona ncha tatu nyeupe zikitokeza katika chungu kimoja cha bondeni. Siku ya pili zilikuwa za kijani, na chungu cha pili cha bondeni nacho kilikuwa kimeanza. Vile vya juu vilibaki vimenyamaza. Bwana alikuja, akavimwaga vyote vinne juu ya gunia, akapiga magoti na kisu chake kidogo, akapasua mizizi. Ya juu ilikuwa rangi ya tumbaku mpaka ndani. Ya bondeni ilikuwa myeupe kama siku niliyoipanda.

Alipiga mluzi. Akasema maneno mengi kwa Kiingereza, akanipiga bega. Taarifa yake haikuwa imeharibika tena. Ilikuwa imekuwa kubwa zaidi.

Hapo ndipo niliposema. Sijui kwa nini ilikuwa hapo, akiwa bado anacheka. Nilisema, “Bwana, kitalu cha tisa nilipiga mimi. Msalaba ule niliuandika mimi. Mwenzangu hakuwapo.”

Aliacha kucheka. Alifuta kisu kwenye gunia, upande mmoja, kisha wa pili. “Siku ile wewe jua hii?”

“Nilijua, bwana.”

“Wewe iko mwongo.”

“Ndiyo, bwana.”

Nilidhani nitakunja blanketi langu. Lakini alihitaji mtu aliyejua kupapasa shingo za sangari, na mtu huyo nilikuwa mimi. Mwongo alibaki kazini. Hilo lilinikaa kooni kuliko ambavyo kufukuzwa kungenikaa. Niliomba kitu kimoja tu, barua. Aliipiga chapa siku ileile, kwa Kiswahili, na pale alipokosea nilimsahihisha: kwamba fulani alipima dawa vizuri, kwamba kosa lilikuwa la aina ya majani na si la mtu, kwamba hakuiba, na kwamba kazi yake iko wazi akitaka kurudi.

Nilipanda basi la Iringa nikiwa na barua hiyo ndani ya koti, mfuko wa upande wa moyo, na niliigusa kila basi lilipotikisika. Tulipofika Ipogolo sikupanda hata kuwaona wazazi. Nilidandia lori lililokuwa linaelekea upande wa Ilula na sikukaa juu ya magunia kama abiria wengine. Nilisimama njia nzima nimeshika vyuma, upepo wa Juni ukinitoa machozi.

Nyumba yake niliipata kwa kuuliza. Mwanamke aliyekuwa anapepeta mahindi uani aliinua macho.

“Kamwene,” nilimsalimu.

“Kamwene.” Alinitazama koti, akatazama viatu. “Umetoka Mbeya,” alisema, na ungo ukasimama mikononi mwake. Nilitambua kwamba habari zilikuwa zimefika kabla yangu. Baadaye nilisikia zilifika vipi: mtu wa lori aliwaambia watu kwamba kaka amefukuzwa kwa kuiba dawa ya Wazungu, na tangu hapo mkewe alikuwa akienda kanisani kwa njia ya nyuma.

Kaka alikuja kutoka kwenye matuta ya vitunguu, ameshika kopo la kumwagilia. Tulisalimiana kama watu waliokutana sokoni. Nikatoa barua. Alijua herufi moja moja tu, akanirudishia.

“Soma. Soma na huyu asikie.”

Nikasoma nimesimama uani. Mkewe hakuwa ameweka ungo chini. Nilipomaliza alisema, “Rudia pale pa kupima.”

Nikarudia. “Alipima dawa vizuri.”

“Na pale pa kuiba.”

“Hakuiba.”

Akaketi chini palepale kwenye vumbi, akajifunika uso kwa upande wa kanga. Kaka alimtazama, kisha akageuka akarudi kwenye matuta yake, nami nikamfuata kwa kuwa sikujua la kufanya.

Aliendelea kumwagilia. Nilitembea upande wa pili wa tuta, hatua kwa hatua naye.

“Kaka, kile cha tisa...”

“Najua cha tisa.”

“Mbona hukusema pale mbele ya bwana?”

“Daftari lilikuwa lako.” Alimwaga maji mpaka kopo likaisha, akalitikisa. “Nilikungoja. Nilikungoja pale stoo. Nikakungoja wakati nafunga mzigo. Nikasema, labda anamwogopa Mzungu, atanifuata barabarani. Nilikaa Uyole mpaka jua likaelekea kuzama. Malori matatu yalisimama, nikawaambia waende, namngoja mtu.”

Neno lililokuja lilikuwa dogo mno. “Niliogopa.”

“Hata mimi niliogopa,” alisema. “Nina watoto wanne.”

Tulifika mwisho wa tuta. Alichota maji tena mferejini, na nilidhani mazungumzo yamekwisha, lakini alipoinuka aliuliza kwa sauti nyingine, ile ya kazini, “Sasa hiyo ya bondeni, inakufaje?”

Nilimweleza juu ya vyungu, manyoya ya shingoni, na bwana kupiga magoti na kisu. Alisikiliza kwa makini. Alitaka kujua bwana alipima kwa kopo lipi, na kama alipiga magoti wakati wa kupima. Nilimwambia hapana, alipima amesimama. Kaka akatoa sauti ya dharau puani.

Nilimuuliza kama atarudi Mbeya. Alisema hapana, akaonyesha vitunguu kwa mkono, kana kwamba jibu lote liko pale. Mkewe alinipikia ugali na maharage, nikala, na safari hii nilikaa kitako. Asubuhi nilipoondoka, kaka alinisindikiza mpaka mwisho wa shamba lake. Kwa desturi angenifikisha barabarani. Alisimama pale mpakani, akasema safari njema, nami nikaenda.

Nilirudi kwenye kazi ambayo sikustahili kubaki nayo, na kazi hiyo ikanizungusha. Bwana alinituma kuokota sangari kila mahali, kando ya barabara kutoka Mbeya hadi Iringa, kwenye mashamba ya misheni, kwenye makaburi, kingo za mito. Nilifunga pingili ndani ya gunia bichi na kuandika zilikotoka, nikizipanda kwenye mistari ya madebe iliyojaa ukuta wa stoo kisha ikauzunguka. Tulidhani tutapata aina mbili. Kulikuwa na zilizokufa kwa kunyunyiziwa mara moja na zilizohitaji mara tatu. Nyingine zilikuwa na manyoya lakini zikapona, na hilo lilitufanya tuanze upya. Nyingine zilikufa chini ya jua zikapona kivulini. Nilifunga safari, nikarudi, nikafunga nyingine. Watu wa kambini waliniita Mzee wa Sangari ingawa sikuwa na mvi hata moja, na mimi sikujua kama nilikuwa natafuta majani au nakimbia kukaa chumbani peke yangu na kile kikopo cha bluu.

Binti wa ng'ambo ya ua ndiye aliyenisimamisha, kwa kiasi. Nilipomposa alisema hawezi kuolewa na mtu anayepita tu. Nilikaa juma zima bila kusafiri ili aone kwamba ninaweza, na wazazi wake wakanipokea. Nilimweleza habari ya kaka kabla ya ndoa, yote pamoja na msalaba mdogo. Aliendelea kumenya viazi. “Ulimwambia mwenyewe kwa mdomo wako?” aliuliza. Nilisema ndiyo. Hakuuliza zaidi.

Baada ya ndoa nilimpeleka kwetu Iringa kumwonyesha kwa wazazi. Basi liliposimama Ipogolo tulishuka kunyoosha miguu kabla ya kuanza kupanda mlima. Kando ya barabara watu walikuwa wamepanga mboga na vitunguu juu ya magunia, na nyuma ya gunia moja alikuwa amekaa kaka. Alikuwa amenenepa kidogo. Suruali ilikuwa mpya.

Miguu yangu ilitaka kurudi kwenye basi. Mke wangu aliona nilivyosimama, akafuata macho yangu, akaelewa. Alinishika mkono wa koti akanivuta mbele, akapiga goti kidogo kama ilivyo heshima, akamsalimu kwa Kiswahili chake.

Kaka alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi. Aliokota fungu la vitunguu, lile lililokuwa kubwa kuliko yote, akampa.

“Karibu Iringa, shemeji,” alisema. “Huku ni baridi kama kwenu. Utazoea.”

Nilipoingiza mkono mfukoni alinikataza kwa kichwa. Aliniuliza kama mama yangu bado anaumwa miguu, nikasema ndiyo, akasema mpe salamu. Utingo akapiga ubavu wa basi kutuita. Tulipoketi, mke wangu aliweka vitunguu mapajani, akavifungua kamba, akaanza kuvikagua kimoja kimoja kama afanyavyo kwa kila kitu kinachotoka ardhini.

“Vizuri,” alisema. “Huyu mtu anapalilia.”

Basi likaanza kupanda.